Mguu uliovunjika una kalenda yake, mahakama ina yake

Ukisimama Omurushaka jioni, pale njia ya kwenda Kayanga inapoachana na ile ya kwenda Nkwenda hadi Murongo, utaziona pikipiki zinavyopishana. Moja imebeba mikungu ya ndizi, nyingine gunia la kahawa ya maganda, nyingine mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine amekaa mbele juu ya tanki. Wengi hufika salama. Wasiofika salama ndio tunaowapokea sisi hospitalini, mara nyingi usiku, wakiwa wamelazwa kwenye kiti cha nyuma cha mchomoko.

Safu hii huzungumzia zaidi tiba na kinga. Wiki hii nataka tuzungumze jambo linalokuja baada ya tiba, ambalo linaamua kama familia itasimama tena au itauza shamba la migomba ili kulipa gharama. Jambo hilo ni muda ambao sheria inampa majeruhi kudai fidia kwa aliyemuumiza.

Nimelichagua kwa sababu swali hili huletwa kwa daktari kabla halijafika kwa wakili. Mgonjwa anakuja kuomba ripoti ya matibabu, anaiweka mezani fomu yake ya polisi, PF3, na anauliza: “Daktari, bado naweza kudai?” Naangalia tarehe iliyo juu ya fomu, na mara nyingi tarehe hiyo ndiyo jibu.

Miaka mitatu, kisha mlango unafungwa

Kwa Tanzania Bara, muda wa kufungua mashauri ya madai umewekwa na Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Jedwali la sheria hiyo linataja kila aina ya dai na muda wake. Dai la ardhi lina miaka 12. Dai la mkataba, kwa kawaida, lina miaka 6. Dai linalotokana na mtu kukudhuru kwa uzembe au kwa makusudi bila kuwepo mkataba kati yenu, na humo ndimo ajali nyingi za barabarani zinamoingia, lina miaka 3.

Miaka hiyo huhesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Kwa ajali, siku hiyo ni siku uliyogongwa. Haihesabiwi tangu ulipotoka wodini, wala tangu ulipotupa magongo. Aliyegongwa Machi 2023 anatakiwa awe ameshafungua shauri kabla Machi 2026 haijampita.

Akichelewa hata kwa wiki chache, sheria inaitaka mahakama ilitupe shauri hilo, hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamika kuwa muda umepita. Hakimu anaweza kukuonea huruma, akauona mguu wako uliopinda, na bado mikono yake imefungwa. Katika shauri la madai namba 70 la mwaka 1998, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliifananisha sheria ya ukomo na upanga usio na huruma, unaomkata yeyote anayenaswa. Majaji na mawakili wa Tanzania wameendelea kuurudia mfano huo hadi leo.

Iko njia moja nyembamba. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza, akiona ni haki kufanya hivyo, kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kipindi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Kwa dai la miaka 3, nyongeza haiwezi kuvuka mwaka mmoja na nusu. Nyongeza hiyo haitolewi kwa kila anayeiomba, na maombi yenyewe yanahitaji sababu nzito na mtu wa kuyaandika vizuri. Usiipangie maisha yako.

Kwa nini sheria iwe kali hivi kwa mtu aliyeumia? Sababu zipo, na daktari anazielewa upesi. Shahidi aliyekuwa anauza nyanya kando ya barabara anahama au anafariki. Askari aliyechora ramani ya ajali anahamishiwa mkoa mwingine. Mafaili ya wagonjwa yanaliwa na mchwa na unyevu. Anayeshitakiwa naye ana haki ya kujitetea wakati ushahidi bado upo, na ana haki ya kujua ni lini ataacha kulala na wasiwasi. Tatizo ni kwamba sheria inahesabu miaka kwa namna moja, na mwili wa binadamu unapona kwa namna nyingine.

Mwili haufuati kalenda ya mahakama

Mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, kwa mtu mzima mwenye afya, huchukua takribani miezi 4 hadi 6 kuunga vizuri. Ukivunjika na kutoboa ngozi, kama inavyotokea sana kwa ajali za pikipiki, muda huongezeka na hatari ya vijidudu kuingia kwenye mfupa huongezeka pia. Hapo ndipo tunaweka vyuma vya nje, ambavyo wengi huviita antena. Mfupa usipounga kwa miezi 9 hivi, tunaanza kusema umegoma kuunga, na mgonjwa anahitaji upasuaji mwingine. Usaha ndani ya mfupa unaweza kutulia mwaka mzima, ukafumuka tena na kutoa vipande vya mfupa uliokufa.

Ongeza na njia ambazo wagonjwa wetu hupitia. Wapo wanaotoka hospitali wiki ya pili kwa sababu pesa imeisha, wakaenda kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa. Wapo wanaopewa barua ya rufaa kwenda Bukoba au Bugando, wakakaa nyumbani miezi mitatu wakichangisha ukoo. Msimu wa kahawa unafika, pesa inapatikana, safari inafanyika. Kila hatua ina maelezo yake, na kila hatua inakula sehemu ya miaka 3.

Kichwa ndicho kinachotudanganya zaidi. Mtu anagongwa, anazimia dakika chache, anaamka, anakula, anarudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye maumivu ya kichwa yanazidi na anaanza kuchanganya majina ya watoto wake. Damu ilikuwa ikivuja polepole juu ya ubongo. Mwingine anapata degedege la kwanza miezi mingi baada ya ajali, na hata miaka. Kijijini wanasema amerogwa. Ukiuliza historia vizuri, unaikuta pikipiki ndani yake.

Kwa watoto kuna jambo jingine. Mifupa ya mtoto hukua kutoka kwenye tabaka laini lililo karibu na kiungo. Tabaka hilo likiumia, siku ya ajali eksirei inaweza kuonyesha jeraha dogo tu. Mtoto anavyorefuka ndipo mguu mmoja unabaki nyuma au goti linapinda. Hasara halisi inaonekana miaka mitano au sita baadaye.

Kwa sababu hizi, madaktari hatupendi kuandika asilimia ya ulemavu mapema. Tunasubiri jeraha lifike mahali ambapo halitabadilika sana tena, na hilo huweza kuchukua mwaka au mwaka na nusu. Mgonjwa anaelewa kwamba asubiri ripoti ya mwisho ndipo aende mahakamani. Kuelewa huko kunaponza watu. Shauri linaweza kufunguliwa ukiwa bado unatibiwa. Kiasi cha ulemavu kinathibitishwa baadaye kwa ripoti na kwa daktari kutoa ushahidi. Uingereza, sheria yao ya mwaka 1980 inaruhusu miaka 3 ya majeraha ya mwili ihesabiwe tangu siku mtu alipotambua jeraha lake. Hapa kwetu usitegemee hilo. Hesabu tangu siku ya tukio.

Mambo matatu ambayo hayasimamishi saa

La kwanza ni kesi ya trafiki. Dereva akishitakiwa kwa kuendesha kwa uzembe, kesi hiyo ni kati yake na Jamhuri. Faini akilipa inakwenda serikalini. Majeruhi wengi wa Karagwe na Kyerwa hukaa wakiisubiri kesi hiyo iishe, wakiamini fidia yao imo humo. Inaahirishwa, dereva anabadilisha namba ya simu, mwaka wa pili unaingia. Hukumu ya kesi ya trafiki itakusaidia sana kama ushahidi, lakini dai lako la fidia unalifungua wewe mwenyewe kama shauri la madai, na saa yake haikuwahi kusimama.

La pili ni maelewano. Huku kwetu kugombana mahakamani na mtu wa kijiji kimoja ni aibu, na mara nyingi dereva ni mtoto wa jirani. Familia zinakaa kwa mtendaji au kwa mzee wa ukoo, wanaandikishana: fulani atalipa hospitali, ataleta mbuzi, atatoa kiasi fulani kila mwezi. Sipingi maelewano, yameokoa undugu na yamelipa dawa. Ninachosema ni kwamba mahakama zetu zimeamua waziwazi kuwa mazungumzo hayasimamishi ukomo wa muda. Katika shauri la madai namba 109 la mwaka 2005, lililohusu kampuni ya Ubungo Farm Implements na Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, Mahakama Kuu ilieleza kwamba mdai anayekubali kuvutwa kwenye mazungumzo yasiyozaa matunda mpaka muda ukamwishia, amefanya hivyo kwa hasara yake mwenyewe. Miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 265 ya mwaka 2020 iliyohusu mgogoro wa mkataba na Hifadhi za Taifa, ilishikilia msimamo huohuo. Kampuni ya bima inayokwambia “tunalifanyia kazi, rudi mwezi ujao” nayo ni mazungumzo.

La tatu ni matibabu yenyewe. Kulazwa, kufungwa hogo, kurudi kliniki kila mwezi, kusubiri chuma kitolewe, yote hayo hayaongezi siku.

Nakumbuka mama mmoja kutoka Kyerwa ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Aligongwa na gari akitoka gulioni. Mwenye gari alikuwa mtu mwema. Alilipa upasuaji wa kwanza, akaleta unga na mafuta, akaahidi mengi. Kisha alifilisika. Mama alipokuja kuomba ripoti ya matibabu, ilikuwa imepita miaka minne na miezi kadhaa. Ripoti nilimwandikia, kwa sababu ni haki yake. Wakili aliyeisoma alimwambia ukweli: mguu umethibitika, uzembe umethibitika, na muda umekwisha. Gari lile lilikuwa na bima siku ya ajali. Fedha ya kumsaidia ilikuwepo mahali fulani kwa miaka 3, na hakuna aliyemwambia aifuate.

Madai yenye muda mfupi zaidi

Miaka 3 ni kanuni ya jumla. Yapo mazingira ambayo muda ni mfupi au yana hatua ya ziada, na mengi yanawahusu watu wa wilaya hizi mbili.

Aliyekuumiza ni Serikali. Kama ni gari la halmashauri, la wakala wa Serikali, au huduma ya kituo cha afya cha umma, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka kwanza utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushitaki. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua jambo hili likagusa pia halmashauri na taasisi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Shauri lenyewe linakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa sisi iko Bukoba. Isitoshe, Sheria ya Ukomo inatoa mwaka mmoja tu kwa fidia ya jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Mawakili hubishana ni dai gani linaangukia humo. Mtu wa kawaida asiingie kwenye ubishi huo. Akiumizwa na chombo cha umma, aifanye hesabu yake kuwa mwaka mmoja na aanze na notisi mapema.

Umeumia kazini. Kyerwa kuna machimbo ya madini ya bati, na wilaya zote mbili kuna viwanda vya kukoboa kahawa, ujenzi wa barabara na mashamba yanayoajiri. Mfanyakazi aliyeumia kazini ana njia yake kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa na sheria ya mwaka 2008. Hapa huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Unathibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini. Mwambie mwajiri mara moja, na hakikisha taarifa inafika Mfuko ndani ya miezi 12. Kwa maradhi yatokanayo na kazi, mfano vumbi la mawe linaloharibu mapafu ya wachimbaji, hesabu huanzia ugonjwa unapogunduliwa. Kwa hiyo mchimbaji mwenye kikohozi kisichoisha asiridhike na kupimwa kifua kikuu peke yake. Amweleze daktari amechimba miaka mingapi. Mwajiri akikwambia hakujisajili, usirudi nyumbani. Peleka taarifa kwenye Mfuko mwenyewe.

Umeumia ng’ambo ya mpaka. Watu wa Murongo huvuka kwenda Uganda kama wanavyokwenda shambani. Ajali ikitokea upande ule, sheria ya kule ndiyo itakayoulizwa kwanza. Uganda inatoa miaka 3 kwa madai ya majeraha ya mwili, lakini miaka 2 tu iwapo mdaiwa ni Serikali. Kenya nayo ni miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12. Ukiumia Uganda, beba nyaraka za hospitali ya kule na taarifa ya polisi wa kule kabla hujarudishwa nyumbani.

Watoto na waliopoteza fahamu zao

Sheria yetu inawakumbuka wasioweza kujisemea. Mtoto aliye chini ya miaka 18, na mtu ambaye akili yake haiko sawa siku haki ya kudai inapozaliwa, muda wao hauanzi kwenda mpaka hali hiyo iondoke. Mtoto aliyegongwa akiwa darasa la tatu anaanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18.

Wazazi wasiichukue nafuu hii kama ruhusa ya kulala. Mzazi au mlezi anaweza kufungua shauri kwa niaba ya mtoto sasa hivi, wakati shahidi yupo na bima iliyokuwepo siku ya ajali inaweza kufuatiliwa. Kijana wa miaka 20 akianza kutafuta faili la ajali aliyoipata akiwa na miaka 8, atapata nini? Jambo la kufanya kwa mtoto ni kumrudisha kliniki kila mwaka apimwe urefu wa miguu yote miwili, na kuhifadhi kila eksirei.

Majeruhi akifariki, mwenzi, wazazi na watoto waliokuwa wakimtegemea wana haki ya kudai chini ya sheria inayohusu vifo vya ajali, Sura ya 310. Msibani watu hukaa siku zao, baadaye unakuja mgogoro wa nani asimamie mirathi, na miezi inakwenda. Mteueni msimamizi mapema na mmuone mwanasheria ndani ya mwaka huohuo.

Dai likiwa dhidi yetu sisi watoa tiba

Nisipolitaja hili, msomaji atasema namlinda mwenzangu. Tiba nayo huumiza. Watanzania wengi wanakumbuka mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipopasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Mengi hayafikii ukubwa huo: pamba iliyosahauliwa tumboni, hogo lililobana mpaka vidole vikafa, uzazi uliocheleweshwa.

Si kila matokeo mabaya ni uzembe. Mfupa unaweza kugoma kuunga hata mikononi mwa bingwa. Ila ukiwa na shaka, muda ni uleule unaokwenda, na pengine ni mfupi zaidi kama kituo ni cha umma. Angalia pia nani anakimiliki kituo. Ziko hospitali za dini zinazofanya kazi kwa makubaliano na Serikali, zenye watumishi wa pande zote mbili, na kumshitaki asiyehusika ni njia ya haraka ya kumaliza miaka 3. Malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika yanaweza kumwajibisha daktari kitaaluma. Hayakupi fidia, na hayasimamishi saa. Pale ambapo ukweli ulifichwa kwa udanganyifu, sheria inaruhusu muda uhesabiwe tangu udanganyifu ulipogunduliwa, lakini mzigo wa kuuthibitisha udanganyifu ni wako.

Karatasi zinazokufa

Dai hushinda kwa karatasi, na karatasi za hospitali zina maadui wengi.

PF3 hutolewa bure kituo cha polisi. Majeruhi aliye mahututi anatakiwa atibiwe kwanza. Fomu inaweza kufuata. Fahamu kwamba sehemu ya daktari mara nyingi hujazwa usiku wa kwanza, kabla ya eksirei, kwa maneno kama “michubuko na maumivu ya nyonga.” Kesho yake nyonga inaonekana imevunjika. Rudi, omba ripoti kamili ya matibabu inayoeleza kilichogunduliwa baadaye. Fomu ya usiku ule ikibaki peke yake, wakili wa upande wa pili ataisoma kwa furaha.

Risiti za mashine ya EFD hufutika. Baada ya miezi michache ndani ya pochi, hubaki karatasi nyeupe. Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo, au toa nakala. Filamu ya eksirei isiwekwe juu ya dari la jiko. Moshi na unyevu wa masika huziharibu zikagandana. Hifadhi pia fomu ya kuruhusiwa, barua za rufaa, kadi ya kliniki, tiketi za usafiri wa kwenda Bukoba au Mwanza, na daftari la siku ambazo hukufanya kazi. Mkulima naye ana kipato: andika magunia uliyovuna mwaka wa kabla ya ajali na mwaka wa baada yake.

Kuhusu gari au pikipiki, chukua namba ya usajili kabla ya kitu kingine. Sheria inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na angalau ile bima tunayoiita bima ndogo, inayomlinda mtu mwingine anayeumizwa, na bima hiyo huhakikiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Bodaboda asiye na bima bado anadaiwa, na mmiliki wa pikipiki anaweza kudaiwa pamoja naye.

Kalenda ya majeruhi

Ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila wodi ya mifupa.

Wiki ya kwanza: tibiwa, pata PF3, namba ya usajili, majina na simu za mashahidi wawili. Kama uliumia kazini, mwajiri awe ameambiwa.

Mwezi wa kwanza: omba ripoti ya kwanza ya matibabu. Toa taarifa kwa kampuni ya bima kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako tarehe ya ajali, na chini yake tarehe ya miaka 3 baadaye.

Miezi sita: muone mwanasheria. Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Kayanga au Rubwera, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo Kiingereza si kisingizio tena. Usianzie Mahakama ya Mwanzo kwa mazoea kwa kuwa iko karibu; madai ya namna hii kwa kawaida ni ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na ya Serikali ni ya Mahakama Kuu.

Mwaka wa kwanza: kama mdaiwa ni chombo cha umma, notisi ya siku 90 iwe imeshatoka zamani na shauri liwe tayari kufunguliwa. Kama uliumia kazini, Mfuko uwe umeshapata taarifa.

Mwaka wa pili: maelewano kama hayajalipa mpaka hapa, yape mwezi mmoja wa mwisho, kisha fungua shauri. Kulifungua hakuzuii kuelewana. Mkikubaliana baadaye, makubaliano yanaandikwa mahakamani na yanapata nguvu ya hukumu.

Mwaka wa tatu: usiufikie ukiwa hujafungua.

Nawaomba pia wenzangu wa wodini. Tunapomruhusu mgonjwa, tunamwambia arudi lini kufunguliwa hogo na dawa anywe mara ngapi kwa siku. Tuongeze sentensi moja: “Tarehe uliyoumia ni hii, kama kuna mtu aliyekuumiza, una miaka mitatu, na pengine mmoja.” Inachukua muda uleule wa kuandika dawa ya maumivu.

Na wewe msomaji, kama una ndugu anayetembelea magongo nyumbani, muulize leo aligongwa lini. Akijibu mwaka jana, mpeleke kwa mwanasheria wiki hii. Akijibu mwaka juzi, mpeleke kesho asubuhi.